Gazi haikuisha, feni ndiyo ilikufa

Ndugu Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wenu iliyotoka juma lililopita, yule aliyeandika kwamba klima ya gari, ile mashine ya kupoza hewa, ikianza kupuliza hewa ya moto dawa ni moja tu, kuongeza gazi, yaani gesi ya kupozea, na kwamba haya magari ya usukani wa kulia tunayoletewa kutoka Japani yanakula gazi kwa sababu hayakuzoea joto la Katanga. Niliisoma nikiwa nimeegesha gari kivulini pale Luano, uwanja wa ndege, nasubiri ndege ya Kinshasa, nikacheka peke yangu mpaka mlinzi akaja kunitazama. Sikumcheka mwandishi. Mwaka jana, mwezi kama huu, maneno hayo nilikuwa nayasema mimi, na yalinila dola 110.

Mimi ni mama wa watoto wanne, mjane, dereva, mkaaji wa Katuba, hapa Lubumbashi. Gari langu ni Toyota ndogo ya milango minne. Lilishuka Dar es Salaam, likapita Tunduma, likavuka Zambia nzima, likaingia Kasumbalesa likiwa bado na karatasi za Kijapani kwenye kioo. Sibebi watu wa kubanana watano nyuma. Nabeba watu wa ofisi: asubuhi mjini, mchana uwanja wa ndege, mara moja au mbili kwa juma Likasi. Wateja wa namna hiyo hawanilipi kwa mwendo, wananilipa kwa klima. Lubumbashi mwezi wa kumi wote tunaijua: jua kali, mvua bado haijaamua, vumbi jekundu limesimama hewani kama limetundikwa. Ukimwambia mteja mwenye shati jeupe afungue kioo, anashuka na shati la rangi ya tofali, na kesho anamwita dereva mwingine.

Ugonjwa ulianza polepole. Asubuhi klima ilipoza vizuri. Barabara ya Likasi, gari likikimbia, ilipoza mpaka mteja akaomba niipunguze. Lakini nikirudi mjini saa sita, nikikwama kwenye foleni, baridi inakwenda, hewa inakuwa vuguvugu, halafu moto kabisa. Nikisogea, baridi inarudi. Nikisimama, inakimbia. Yote hayo niliyaona kwa macho yangu, Mhariri, na nilipofika gereji sikuyasema. Nilisema, "Klima imekufa." Ni sawa na mtu anayekwenda kwa daktari akasema "naumwa" kisha akanyamaza.

Fundi wa kwanza, kijana mwenye adabu, alishika bomba moja chini ya kapo, kile kifuniko cha injini, akashika la pili, akasema, "Mama, gazi imeisha." Akaleta chupa, akaunganisha mpira, akaacha injini ikinguruma, akawa anasikiliza tu kwa sikio. Hakuwa na manometa, yaani kipimo cha presha, hakuwa na mizani. Alipoona inatosha, yaani nafsi yake ilipomwambia inatosha, akafunga. Dola 30. Nilitoka pale saa kumi na mbili jioni, jua limezama, klima ikapuliza baridi ya kutetemesha. Nikamshukuru Mungu na yule kijana. Sikufikiri kwamba saa ile hata mji wenyewe ulikuwa umepoa.

Kesho yake saa sita, moto. Fundi wa pili: gazi imeisha, dola 30 nyingine. Fundi wa tatu aliongeza gazi pamoja na mafuta ya kompresa, ile pampu inayosukuma gazi, dola 50, na hewa ilipokataa kupoa mbele ya macho yake akasema kompresa imekufa, nitafute ya okazyo, iliyokwisha kutumika, dola 250, na kazi mbali. Hapo nikasema hapana. Si kwa akili. Dola hizo sikuwa nazo.

Nyuma ya nyumba yetu kuna mzee mmoja, alifanya kazi ya mitambo ya baridi kwenye kampuni ya migodi zaidi ya miaka ishirini, sasa amestaafu, anafuga kuku. Mtoto wangu wa pili ndiye aliyekwenda kumwita. Alikuja na kandambili, na kisanduku cha mbao chenye manometa mbili, moja ya buluu ya presha ya chini, moja nyekundu ya presha ya juu. Hakufungua kapo kwanza. Aliniuliza.

"Mama, iko inapoza saa gani?"

Nikamweleza habari ya Likasi na habari ya foleni. Akatikisa kichwa, akasema nimekwisha kumwambia karibu yote, sasa anataka tu kuona kama mashine nayo itasema vile vile.

Alinifundisha hivi, nami nawaandikia kama nilivyoelewa. Gazi ya klima haichomwi kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ile ile, mwaka hadi mwaka. Kompresa inaikamua mpaka inakuwa ya moto sana. Inasukumwa kwenye kondensa, ile radieta nyembamba iliyo mbele kabisa, mbele ya radieta ya maji, na pale inatoa joto lake nje na kugeuka maji. Halafu inapita kwenye valvu ndogo yenye tundu jembamba, presha inashuka ghafla, inaingia kwenye radieta ya pili, yaani evaporeta iliyofichwa nyuma ya dashibodi, na huko inachemka. Gazi ya R134a, ambayo iko ndani ya magari mengi ya hapa kwetu, ikiwa kwenye hewa ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Kitu kinachochemka huchukua joto mahali kilipo, basi kinalichukua ndani ya gari na kwenda kulitupa mbele. Kama gazi imepungua, imetoka mahali, na mahali hapo pana tundu. Anayeongeza gazi bila kutafuta tundu ni kama anayejaza maji kwenye ndoo iliyopasuka kisha akailaumu ndoo kwamba inakunywa.

Ila kwangu mimi haikuwa hata hivyo.

Aliunganisha manometa injini ikiwa imezimwa. Zote mbili zikasimama karibu na bar 6. Nikafurahi, nikasema basi gazi iko. Akasema namba hiyo inasema iko, haisemi ni ngapi. Maadamu ndani kuna hata kijiko cha gazi iliyo maji, sindano inafuata joto la siku, haifuati wingi. Gramu 200 au gramu 800, gari likilala kivulini namba ni ile ile. Nawaomba wenye magari wasome sentensi hiyo mara mbili, kwa sababu kuna mafundi wanaoangalia namba ya gari lililozimwa na kutoa hukumu.

Tukawasha. Gari zima la namna yangu, alisema, upande wa buluu unakaa kati ya 1.5 na 2.5, upande mwekundu karibu na 14 mpaka 16, siku ya joto unapanda kidogo. Wa kwangu wa buluu ulikuwa unapita 3. Mwekundu ulikwenda 18, 22, 26, haukupumzika, ukakaribia 30, na hapo tukasikia tak! Kompresa ikaachia. Ni swichi ya presha inayoikata ili mabomba yasipasuke. Sindano ikaanza kushuka, dakika kidogo tak!, ikashika tena, ikapanda tena. Kumbe kompresa iliyohukumiwa kufa ilikuwa inafanya kazi ya punda.

"Gazi haiko kidogo," mzee akasema. "Iko mingi. Ni upepo njo inakosa."

Kisha akaomba ndoo ya maji. Nilidhani anataka kunawa. Akaenda mbele ya gari akamwaga maji taratibu juu ya kondensa, kupitia grili, akichunga yasiruke kwenye injini yenye moto. Sindano nyekundu ikaanguka mbele ya macho yetu, kutoka 27 mpaka 17. "Ingia ndani, weka mkono." Nikaweka mkono kwenye tundu la katikati. Baridi, Mhariri! Baridi ya Juni. Watoto wakataka kuingia wote wanne. Maji yalipokauka, joto likarudi. Ndoo moja, ambayo ningeweza kuimwaga mimi mwenyewe siku ya kwanza, ilionyesha kile ambacho dola 110 hazikuonyesha: kondensa haipati hewa. Barabarani mwendo wa gari unaipuliza. Kwenye foleni inabaki feni, na feni yangu ilikuwa imekufa.

Kwenye gari langu feni ni mbili, moja ya radieta ya maji, moja ya klima. Ya maji ilizunguka, ndiyo maana injini haikuchemka na mimi sikushtuka. Ya pili ilikaa kimya. Mzee akaangalia fyuzi, nzima. Akachomoa rele ya honi, ile swichi ndogo ya umeme, iliyo ya namna moja, akaiweka mahali pa rele ya feni. Kimya. Akachukua nyaya mbili akaipa feni umeme moja kwa moja kutoka betri: ikatetemeka kama mtu anayetaka kuamka, ikalala. Akaigonga kwa mpini wa bisibisi, ikazunguka! Kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota, zimekwisha, akasema, na alipoifungua zilikuwa fupi kuliko punje ya mahindi. Kaboni za feni ile hatukuzipata. Tulinunua za mashine nyingine, kubwa zaidi, akazisugua kwa msasa kibarazani mpaka zikaingia, huku akinisimulia habari za kuku wake. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko chakula cha mchana cha fundi wa tatu.

Kondensa nayo tuliikuta imevaa koti. Vumbi, panzi, mabawa ya kumbikumbi wa mvua iliyopita, na kipande cha mfuko wa plastiki. Tuliiosha kwa maji ya taratibu kutoka nyuma kwenda mbele, na brashi laini. Wale vijana wanaoosha magari kwa mashine ya presha, waambieni waondoe mdomo wa mashine pale: yale mapezi membamba ya aluminiamu yakilala, hewa haipiti tena, na umejitengenezea ugonjwa kwa kuosha gari.

Ilibaki ile gazi iliyozidi. Chini ya kapo ya gari langu kuna karatasi ndogo imebandikwa, inasema gramu 500. Miaka yote nilidhani ni mambo ya Kijapani. Mzee angeweza kufungua valvu na kuiachia hewani kama wanavyofanya wengi, akakataa. Aliniambia kilo moja ya R134a ikitoka inapasha dunia sawa na kilo 1,430 za kaboni dioksidi, na kwamba nchi zilikubaliana mwaka 2016, si mbali, hapo Kigali, kupunguza gazi za ukoo huu. Mimi nilikuwa nafikiria zaidi kwamba ile gazi nimeilipia. Basi tukaenda kwa karakana yenye mashine ya kuivuta na kuipima. Zilitoka gramu 790. Kwa hiyo fundi wa pili na wa tatu waliniuzia dawa ya ugonjwa ambao sikuwa nao, na dawa yenyewe ikawa ugonjwa wa pili, kwa sababu gazi ikizidi presha inapanda, na presha ikipanda swichi inakata, na swichi ikikata hewa ni ya moto.

Pale karakana nilijifunza jambo moja lililonifurahisha, wenye haraka waliruke. Kabla ya kurudisha gazi, mabomba lazima yavutwe hewa yote kwa pampu, nusu saa au zaidi, ili na unyevu ulio ndani uchemke na kutoka. Unyevu ukibaki, unaganda kwenye ile valvu yenye tundu jembamba: klima inapoza robo saa, inakoma, unaizima, barafu inayeyuka, inapoza tena, na fundi anakuambia gari lako lina mashetani. Kijana wa karakana alipoona sindano imekwama kwenye bar 0.88 chini ya sifuri, haitaki kufika 1, akaanza kuilaumu pampu. Mzee akacheka. Lubumbashi imekaa mita 1,200 na zaidi juu ya bahari. Hewa yetu yenyewe ni nyepesi, haifiki 1, sasa pampu itoe kitu ambacho hakipo? Dar es Salaam ingefika. Huku kwetu 0.88 ni mwisho wa njia. Umeme ulikatika tukiwa dakika ya kumi, ikabidi kusubiri jenereta, tukaanza upya. Baadaye pampu ikazimwa na tukakaa kutazama kama sindano itasogea. Haikusogea.

Tundu dogo lakini lilikuwepo, na lilinikasirisha kuliko yote. Mahali gazi inapoingizwa pana valvu kama ya tairi, na juu yake kofia ya plastiki yenye mpira ndani. Kofia zangu mbili hazikuwepo. Mojawapo ya gereji tatu ilizifungua ikazitupa. Baada ya gazi kurudi, mzee alipaka povu la sabuni kwenye valvu ya upande wa presha ya chini, na povu likaanza kutoa macho, moja, moja, polepole. Mchanga umeingia kwenye moyo wa valvu. Moyo mpya, kofia mbili mpya, basi. Yaani kama ningeendelea kwenda kwa wale wale, siku moja gazi ingeisha kweli, wakati huo kwa sababu walikuwa wanaiongeza.

Msomaji wenu ana haki kwa jambo moja: magari yetu kweli hupoteza gazi. Lakini si Japani. Sisi huku baridi ya mwezi wa sita na wa saba hatugusi klima kabisa, miezi mitatu minne, na mpira unaoziba shafti ya kompresa hukauka kwa kukosa mafuta, kwa maana mafuta husafiri pamoja na gazi. Oktoba unabonyeza, gazi imekwisha kupenya. Mimi sasa naiwasha dakika kumi kila Jumapili nikienda kanisani, hata kukiwa na baridi ya kuvaa makoti mawili. Watoto wananung'unika.

Kuna magonjwa mengine ambayo sikuyapata na sitajifanya nayajua. Mzee aliyataja akirudisha manometa kwenye kisanduku: presha zote mbili zikiwa chini, gazi imetoka, ya buluu juu na nyekundu chini, kompresa imechoka kweli, presha zote nzuri na bomba la presha ya chini linatoka jasho la baridi lakini ndani moto, usiguse gazi, kuna mlango mdogo nyuma ya dashibodi unaochanganya hewa ya baridi na ya hita, umekwama. Na upepo ukiwa dhaifu, tazama kwanza chujio nyuma ya kisanduku cha dashibodi. Langu lilikuwa na sura ya zulia la mlangoni.

Jambo moja sitaki lipite. Nimesikia kuna wanaojaza magari gazi ya kupikia kwa sababu ni rahisi na inapoza. Inapoza, ni kweli. Ni ile ile inayowaka jikoni, na umeiweka mbele ya radieta, mahali pa kwanza pa kupasuka ukigonga, na kwenye evaporeta mbele ya magoti ya abiria. Wala msinunue chupa isiyo na asili. Mwaka 2011 makontena ya friji ya melini yaliyofanyiwa matengenezo Vietnam kwa gazi ya bandia yalilipuka na kuua watu, kwa sababu gazi ile ilikuwa inakula aluminiamu ndani kwa ndani. Na fundi anayetafuta tundu kwa kujaza oksijeni ya kuchomelea, ondoa gari lako kwake na uondoke nalo: oksijeni ya presha ikikutana na mafuta ya kompresa haingoji kiberiti. Naitrojeni ndiyo inayotumika.

Siwachukii wale vijana watatu. Manometa ni ghali kwao, mizani ni ghali, na sisi wateja tunafika tukiwa na haraka, tunataka chupa, tunalipa chupa. Kijana akikuomba dola kumi za kupima tu, bila kuongeza chochote, wangapi tutazitoa? Mimi mwenyewe ningemwita mwizi. Sasa ninachouliza kabla ya kapo kufunguliwa ni hiki: utapima kwa nini, na utaingiza gramu ngapi? Akinijibu "tutaona", nami namwambia tutaonana.

Mzee amenikataza kuandika jina lake gazetini, anasema kuku wake hawapendi wageni. Basi anayepita Katuba na klima ya moto aulize nyumba ya mama dereva karibu na kisima. Ndoo ninayo kwenye buti. Maji aje nayo mwenyewe, bomba letu hutoa saa nane ya usiku tu.

Mama dereva,
Katuba, Lubumbashi